Asilimia ya Nini? Jinsi Dashibodi ya Huduma za Maji Inavyokokotoa Takwimu za Kata

Mada ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi katika mkutano wa kata. Inachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo kwa haraka linaweza kuonekana kuwa la watu wa ofisini, nalo ni namna mashine inavyofanya hesabu. Naomba mnivumilie, kwa sababu hesabu hiyo ina matokeo hapa hapa tulipo. Kamati ya Maendeleo ya Kata itakapoketi kupanga ni vituo gani vya maji vitengenezwe kwanza, mezani kutakuwa na orodha ya vijiji. Kijiji kinachosimama juu ya orodha kitamwona fundi mapema. Kilicho chini kitangoja, na anayengoja maji, kama mnavyojua, hangoji ameketi. Anangoja akiwa na ndoo kichwani.

Orodha hiyo inatoka kwenye dashibodi ya takwimu iliyoandaliwa na wenzetu wa mipango na wa TEHAMA kwa kushirikiana na wahandisi wa RUWASA, ule Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini ulioanzishwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2019. Mimi si mhandisi wala si mtakwimu. Kazi yangu ni kuwaeleza wananchi mambo ya Halmashauri yao kwa lugha inayoeleweka, na ili niyaeleze nililazimika kwanza kukaa na wataalamu hao na kuwauliza, kanuni baada ya kanuni, namba hii imetoka wapi. Ninayoyasema leo ndiyo niliyoyapata huko.

Dashibodi ni ukurasa kwenye skrini ya kompyuta, kishikwambi au simu, unaokusanya takwimu mahali pamoja kwa ramani, michoro na tarakimu, na unaomruhusu msomaji kuuliza swali kwa kubofya. Jina limetoka kwenye gari, lile bao lililo mbele ya dereva lenye mishale ya mwendo na mafuta. Mfano wa gari unatusaidia nusu ya njia tu. Mshale wa mafuta hupima tangi moja, siku zote tangi lilelile. Dashibodi ya takwimu hupima kile ulichoiagiza ipime, na ukibofya mahali pengine hupima kitu kingine, huku sura ya ukurasa ikibaki ileile. Hapo ndipo watu wazima wenye akili zao hupotea.

Chini kabisa ya dashibodi kuna orodha ya kawaida, kama daftari. Kila kituo cha kuchotea maji kina mstari wake mmoja: jina la kituo, kijiji na kitongoji kilipo, aina yake (kilula cha bomba, kisima cha pampu ya mkono, chemchemi iliyojengewa), hali yake, na tarehe ambayo hali hiyo iliandikwa. Taarifa hizi huletwa na watendaji wa vijiji na vyombo vya watumia maji. Juu ya daftari hilo kuna kanuni za ukokotoaji, na juu ya kanuni ndipo zilipo picha ambazo sote huzikimbilia. Tukiona mchoro umepakwa rangi nyekundu tunaamini ni mbaya; ukiwa wa kijani tunapumua. Rangi imewekwa na kanuni, na kanuni imeandikwa na mtu.

Sasa kuna namna mbili za kuweka hesabu katika daftari, na tofauti yake ndiyo moyo wa mada hii. Mfikirie mwenye duka anayeandika madeni ya wateja. Anaweza kujumlisha kila Jumamosi na kuandika jumla kwa wino mwishoni mwa ukurasa. Jumatatu mteja mmoja akilipa, jumla ile ya wino inakuwa imepitwa, ila bado imeandikwa pale, nadhifu, na mtu anayepita ataiamini. Au anaweza kuacha mwisho wa ukurasa wazi na kujumlisha upya kila anapoulizwa. Namna ya pili ndiyo inayoitwa ukokotoaji hai: mashine haihifadhi jibu, huhifadhi kanuni, na hutoa jibu upya kila unapochagua kijiji, aina ya kituo au kipindi.

Mfumo wa taarifa za afya ujulikanao kama DHIS2, ambao chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway na ambao hospitali, vituo vya afya na zahanati zetu zimekuwa zikiutumia kwa miaka mingi, umejengwa kwa msingi huo. Kiashiria ndani yake huundwa kwa kutaja kitu cha kuhesabiwa juu na kitu cha kugawia chini, na jibu hutafutwa pale linapoombwa, iwe kwa zahanati moja au kwa mkoa mzima. Waliosoma hesabu za shule ya msingi watakumbuka kwamba namba ya juu ya sehemu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Nawaomba myakumbuke maneno hayo mawili. Kila mtu akikutajia asilimia, muulize: kiasi chake nini, na asili yake nini?

Nianze na mfano wa kweli, wa nchi nzima. Miaka kumi na zaidi iliyopita Wizara ya Maji iliorodhesha vituo vya maji vijijini, kimoja kimoja. Sehemu ya orodha hiyo ilitolewa hadharani ili wataalamu wa takwimu duniani waifanyie kazi. Ina vituo 59,400, vingi vikiwa vimeandikwa kati ya mwaka 2011 na 2013. Kati ya hivyo, 32,259 vilikuwa vinafanya kazi, 4,317 vilikuwa vinafanya kazi lakini vinahitaji matengenezo, na 22,824 vilikuwa havifanyi kazi kabisa. Je, ni asilimia ngapi ya vituo vilivyokuwa vinafanya kazi?

Ukihesabu vile 32,259 pekee, utapata asilimia 54.3. Ukivijumlisha na vile vinavyotoa maji huku vikihitaji matengenezo, unapata vituo 36,576, yaani asilimia 61.6. Orodha ni ileile, siku ileile, hakuna aliyedanganya, na bado kuna pengo la vituo 4,317 kati ya jibu moja na jingine. Anayetaka kuonyesha kwamba kazi imefanyika atachukua la pili. Anayetaka bajeti iongezwe atachukua la kwanza. Mashine haitawaamulia. Itakokotoa kwa uaminifu kile ilichoandikiwa.

Katika dashibodi yetu, kituo kinachohitaji matengenezo kimewekwa katika kundi lake chenyewe na hakihesabiwi miongoni mwa vinavyofanya kazi vizuri. Nauunga mkono uamuzi huo. Pampu inayosukumwa mara arobaini ndipo itoe ndoo moja si pampu nzima, hata kama maji yanatoka.

Nije kwenye hatari kubwa zaidi, ambayo nimeiona katika taarifa nyingi zilizopita mikononi mwangu, nyingine zikiwa na mihuri ya kila aina. Ni kutafuta wastani wa asilimia.

Tuchukue vijiji vitatu vya mfano. Si vya kata hii, mtu asitafute chake. Kijiji cha kwanza kina vituo 40, na 36 vinafanya kazi: asilimia 90. Cha pili kina vituo 10, vitatu vinafanya kazi: asilimia 30. Cha tatu nacho kina vituo 10, vitatu vinafanya kazi: asilimia 30. Mtu aliyepewa asilimia hizo tatu bila kupewa namba zilizozizaa atazijumlisha, apate 150, agawanye kwa tatu, na aandike kwamba kata ina asilimia 50. Lakini vituo vyote kwa pamoja ni 60, na vinavyofanya kazi ni 42. Jibu la kata ni asilimia 70. Pengo la asilimia 20 limezaliwa na kalamu tu, wala hakuna hata koki moja iliyoguswa.

Kosa hili huingia kwenye dashibodi kwa urahisi sana. Mtengenezaji akiihifadhi asilimia ya kila kijiji kama tarakimu iliyokwisha kukamilika, ile ya wino, basi msomaji akibofya kata nzima mashine haina la kufanya ila kutafuta wastani wa asilimia. Dawa yake ni kutoihifadhi asilimia popote. Kanuni huandikwa hivi: jumlisha kwanza vituo vyote vinavyofanya kazi katika eneo lililochaguliwa, jumlisha vituo vyote vilivyopo katika eneo hilohilo, kisha ndipo ugawanye. Kanuni hiyo moja hutoa jibu sahihi kwa kitongoji, kwa kijiji, kwa kata na kwa wilaya, kwa kuwa haigawanyi mpaka ijue umeuliza nini.

Mtu anaweza kuondoka hapa akidhani amepata ufunguo wa milango yote: jumlisha kwanza, gawanya baadaye. Ungekuwa ufunguo mzuri, lakini kuna mlango ambao unaufunga.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo kwamba kituo kimoja cha maji vijijini kihudumie watu 250, kisiwe mbali zaidi ya mita 400 kutoka kwenye makazi, na kila mtu apate lita 25 kwa siku. Kwa kipimo hicho twaweza kukokotoa watu wanaofikiwa: zidisha vituo vinavyofanya kazi kwa 250, kisha ulinganishe na idadi ya wakazi.

Tuseme kijiji kimoja kina watu 1,000 na vituo vinane vinavyofanya kazi. Vituo hivyo vinatosha watu 2,000. Kijiji jirani kina watu 3,000 na vituo vinne, vinavyotosha watu 1,000. Ukitumia ufunguo wetu, ukajumlisha kwanza, utapata vituo vinavyotosha watu 3,000 kwa wakazi 4,000: asilimia 75. Si haba, mtasema. Lakini wale watu 1,000 wa ziada katika kijiji cha kwanza hawapo. Ni nafasi tupu kwenye vilula. Mama wa kijiji cha pili hawezi kuchukua nafasi tupu ya kilula kilicho kilomita saba kutoka kwake. Kwa haki, kijiji cha kwanza kina watu 1,000 wanaofikiwa, wala hakiwezi kuwa na zaidi ya watu wake. Cha pili kina 1,000 vilevile. Jumla ni 2,000 kati ya 4,000, yaani asilimia 50.

Kwa hiyo hapa mpangilio unageuka. Ukokotoaji unafanywa kwanza ndani ya kila kijiji, ziada inakatwa hukohuko, na kinachosalia ndicho kinachojumlishwa. Hata msomaji akibofya wilaya nzima, mashine inatakiwa ishuke hadi kijijini, ifanye hesabu yake, halafu ipande nayo. Wataalamu husema kanuni imefungwa kwenye ngazi yake. Nami nasema ni kuheshimu umbali: hesabu isiyojua kwamba kijiji kimoja si kingine itahamisha maji ya watu kwa tarakimu.

Niliwauliza wataalamu kwa nini tusishuke zaidi, hadi kitongoji, kwa kuwa hata ndani ya kijiji kimoja kuna vitongoji vya mbali. Jibu lao lilikuwa kwamba idadi ya vituo kwa kitongoji ipo, ila idadi ya watu tunayoitumia kwa ukokotoaji huu imeingizwa kwa kijiji. Kwa sasa tunakwenda na kijiji. Na kuna jambo ambalo kanuni hii hailigusi kabisa, nalo ni zile mita 400. Kuzidisha kwa 250 ni kudhani kwamba wakazi wamekusanyika kukizunguka kilula chao. Wanaoishi ng'ambo ya korongo wanajua kwamba sivyo, na ndiyo maana orodha ya dashibodi inapelekwa kwenye Kamati, mbele ya wajumbe wanaolijua korongo hilo.

Idadi ya watu yenyewe inatokana na Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 nchini, na kuonyesha ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka tangu sensa ya 2012. Ukitumia idadi ya siku ile bila kuigusa, kila mwaka unaopita unawafuta watoto waliozaliwa. Kwa hiyo dashibodi hukadiria: kijiji kilichokuwa na watu 3,000 wakati wa sensa huhesabiwa kuwa na takribani 3,297 baada ya miaka mitatu, kwa kasi hiyo ya kitaifa. Vijiji vyenye machimbo au soko jipya hukua kwa kasi kuliko hiyo, na vingine hupungua. Mwenyekiti wa kijiji mwenye daftari la wakazi lililo hai anakaribishwa sana kulileta.

Sasa tuje kwenye kubofya kwenyewe. Dashibodi ina vichujio. Ukichagua kijiji kimoja, mengine yote yanaondoka kwenye hesabu. Ukichagua visima vya pampu ya mkono, vilula vya bomba vinaondoka. Ukokotoaji hai unafuata kichujio kama kivuli kinavyomfuata mtu: kiasi kinabadilika, na asili pia inabadilika. Ukichagua hali ya "havifanyi kazi" halafu ukaitazama asilimia ya vituo visivyofanya kazi, utaona 100, kwa sababu umekwisha kuvitoa vinavyofanya kazi. Mtu akipiga picha skrini hiyo na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la kata, kufikia jioni tutakuwa na kata ambayo maji yamekauka yote. Kwa sababu hiyo tuliomba, nao wakakubali, kwamba juu ya kila mchoro uandikwe mstari unaojibadilisha wenyewe kulingana na kilichochaguliwa, unaosema kwa maneno: vituo 12 kati ya 30, vya aina fulani, katika kijiji fulani, hadi tarehe fulani. Picha isiyo na mstari huo msiisambaze, hata kama ameituma mtu mnayemheshimu.

Zipo namba ambazo hazitakiwi kufuata kichujio. Mkitaka kujua kijiji chenu kina sehemu gani ya vituo vibovu vya kata nzima, kiasi kifuate kijiji mlichochagua, lakini asili ibaki kuwa kata, isitikisike. Asili ikifuata kichujio, kila kijiji kitajiona kina asilimia 100 ya ubovu wote. Katika dashibodi yetu namba za namna hii zimewekewa alama ya kufuli kidogo pembeni, na ukiigusa alama hiyo unasomewa asili iliyofungwa ni ipi.

Kisha kuna ukimya, yaani vituo ambavyo taarifa zake hazikuletwa. Tuseme kijiji kina vituo 10: sita vinafanya kazi, viwili ni vibovu, na viwili hakuna ajuaye. Ukigawanya kwa 10 unapata asilimia 60, nawe umewahesabu wasiojulikana kuwa wabovu. Ukigawanya kwa nane unapata 75, nawe umewafuta. Yote mawili yana ubaya wake. Kuwafuta kunakipendeza kijiji kwenye picha lakini kunakishusha kwenye orodha ya matengenezo. Kuwahesabu kuwa wabovu kunaweza kumpa mtendaji mvivu zawadi ya kutoleta taarifa. Uamuzi uliofikiwa ni kuonyesha 75 na kuandika kando yake, kwa herufi zenye ukubwa uleule, kwamba vituo viwili kati ya 10 havina taarifa. Aidha, kanuni hutazama tarehe ya leo: hali ya kituo iliyoandikwa zaidi ya siku 90 zilizopita huhamia yenyewe kwenye kundi la "haijathibitishwa". Kisima kilichoandikwa wakati wa masika hakiwezi kukisemea kisima hichohicho wakati wa kiangazi.

Na kitongoji kisicho na kituo hata kimoja je? Hapa naomba tutulie kidogo. Kiasi ni sifuri, asili ni sifuri, na sifuri haigawanyiki kwa sifuri. Mashine nyingi zikifika hapo huacha nafasi wazi, na mchoro hukiruka kitongoji hicho kana kwamba hakipo duniani. Ukiviorodhesha vitongoji kwa asilimia ya vituo vibovu, kile ambacho hakijawahi kupata kituo hakitaonekana kabisa, ilhali ndicho chenye shida kuliko vyote. Hakina ubovu kwa kuwa hakina kitu cha kuharibika.

Hii ndiyo sababu kubwa ya kutopanga vipaumbele kwa asilimia ya ubovu. Orodha itakayokwenda kwenye Kamati imepangwa kwa idadi ya watu wasiofikiwa: wakazi wa kijiji, toa wale wanaofikiwa kwa kipimo nilichokieleza. Kijiji kisicho na kituo kinakuja na watu wake wote. Vitongoji visivyo na kituo vimeorodheshwa kwa majina kwenye ukurasa wa kwanza, pembeni mwa ramani, bila asilimia yoyote.

Najua baadhi yenu mtauliza kama haya ni ya maji tu. Hapana. Tazameni vyoo vya shule. Miongozo ya usafi wa mazingira shuleni inataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule ya mfano yenye wasichana 240 na wavulana 200, na matundu 20, inaonekana nzuri: wanafunzi 22 kwa tundu. Ukitenganisha, kumbe matundu sita ni ya wasichana na 14 ni ya wavulana. Wavulana ni 14 kwa tundu, wasichana ni 40. Wastani wa shule ulikuwa sahihi kihesabu, na msichana anayesubiri kwenye foleni hadi kipindi kianze hakuonekana ndani yake. Idara ya elimu imeombwa dashibodi yake isiwe na wastani wa matundu kwa shule nzima. Iwe na namba mbili daima.

Nimalizie na utaratibu. Si kila mtu hapa ana simu janja, na wenye nazo si wote wenye bando. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi karatasi za dashibodi zitabandikwa kwenye ofisi ya kata na ofisi za vijiji. Karatasi haibofyeki, kwa hiyo itakuwa na namba zote mbili, kiasi na asili, kando ya kila asilimia, pamoja na orodha ya vituo vya kijiji husika kimoja kimoja. Tembeeni nayo. Mkikuta kituo kimeandikwa kizima nacho kimefungwa minyororo tangu mwaka jana, au kituo kipo na hakimo kwenye orodha, mwandikieni Mtendaji wa Kijiji au semeni naye, mkitaja jina la kituo na siku mliyokiona. Kuuliza namba imetoka wapi si utovu wa adabu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imewapa haki hiyo. Marekebisho yakiingizwa kwenye daftari la chini, tarakimu zote za juu zitajikokotoa upya siku hiyohiyo, na kijiji kinaweza kupanda au kushuka kwenye orodha. Kamati haitaketi kabla karatasi hizo hazijakaa ukutani siku 14.



Baada ya mada, wananchi waliuliza maswali kadhaa. Tunachapisha moja, kwa kuwa linawahusu wengi.

Mzee mmoja kutoka vitongoji vya mlimani alisema: "Mwanangu, umeeleza vizuri, nimekuelewa. Sasa kilula chetu maji yanatoka saa moja alfajiri, ikifika saa mbili yamekwisha. Kwenye karatasi yako kimeandikwa kinafanya kazi. Hiyo hesabu yako inatuona au haituoni?"

Jibu: Shikamoo mzee. Kwa leo haiwaoni. Hali ya kituo imeandikwa kwa makundi matatu, na chenu kinaangukia kwenye kinachofanya kazi. Kanuni haiwezi kukokotoa kitu ambacho hakikuandikwa kwenye daftari. Fomu mpya ya watendaji imeongezwa nafasi ya saa za maji kwa siku. Hata hivyo, saa hizo hazitaingia kwenye mpangilio wa orodha mpaka vituo vyote vya kata vijazwe, kwa sababu zikiingia nusu, vijiji vilivyokwisha kujaza vitaonekana kuwa na shida kuliko ambavyo havijajaza. Hadi wakati huo, mwenyekiti wa kitongoji chenu ameombwa apeleke maelezo ya kilula hicho kwa maandishi kwenye Kamati, yasomwe pamoja na orodha.